Megahezi 60 kwa Sikio Langu Hili

Sina ugomvi na megahezi. Zikae huko ziliko, kwenye minara ya simu na rada za meli, zifanye kazi yake na Mungu azibariki. Ugomvi wangu ni na watu wanaotaka niziweke juu ya meza yangu, mimi ambaye biashara yangu yote ni amplifaya za kwaya, redio za wazee wenzangu, na sabufa zinazoletwa zimefungwa kwenye kanga huku mwenye mali akiapa kwamba jana tu ilikuwa inaimba vizuri.

Sikio la binadamu, likiwa jipya kutoka kiwandani, linasikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi. Langu limetumika. Sauti za juu kabisa zilishaniaga zamani, zikafuatana na nywele za mbele. Sasa mtu anieleze: jenereta ya mawimbi ya kupimia vyombo vya sauti inayofika megahezi 60, yaani mara 3,000 kupita pale ambapo sikio la mtoto linaishia, ni ya kumpimia nani? Popo mwenyewe hafiki huko.

Lakini nenda Kariakoo ukaulize.

"Shikamoo mzee wangu. Hii hapa ndiyo yenyewe. Megahezi 60."

"Marahaba. Nataka ya sauti, mwanangu. Kilohezi 20 zinanitosha."

"Basi umepona! Hii inapitiliza."

"Uchafu wake asilimia ngapi?"

Kijana akaigeuza huku na huku, akaipuliza, akanionyesha nailoni iliyong'ang'ania kwenye kioo. "Uchafu tena, mzee? Hii mpya. Hata haijawahi kuwashwa."

Sikumlaumu. Boksi lenyewe ndilo linalomfundisha kusema hivyo. Ubavuni wameandika megahezi kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na chini yake wanajigamba kwamba ndani mna aina chungu nzima za mawimbi, likiwemo wimbi la mapigo ya moyo. Naam, mapigo ya moyo. Mtu kaniletea sabufa inayokoroma, mimi niipime presha. Ila ile tarakimu moja niliyoifuata, ya kusema wimbi linatoka safi kiasi gani, iko ndani ya kijitabu, kurasa za mwisho, kwa herufi za sisimizi, au haimo kabisa. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mfanyabiashara mwenye kitu kizuri hakiandiki kwa herufi za sisimizi.

Wasio mafundi watauliza: kwani muziki una kasoro gani? Weka taarabu, sikiliza. Ndivyo wasemavyo wateja wote, na ndivyo wanavyopima wenyewe nyumbani kwao kabla ya kuniletea maiti. Muziki unaficha mengi. Ndani ya wimbo mmoja kuna ngoma, magitaa, kinanda, na mwimbaji anayekwaruza koo kwa makusudi kwa sababu ndiyo sifa yake. Amplifaya nayo ikichangia kukwaruza kidogo, nani atajua? Ninachohitaji ni sauti moja tupu, hezi 1,000, wimbi laini la kupanda na kushuka bila kona. Naliingiza huku, nalitazama kwenye osiloskopu kule. Chochote cha ziada kinachotokea kimezaliwa humo ndani. Likikatwa kichwa juu lakini chini likabaki zima, najua upande mmoja wa transista una matatizo. Likitoka na kijikunjo kidogo kila linapovuka mstari wa katikati, najua transista za nguvu hazipewi mkondo wa kutosha zikiwa zimetulia. Nakamata bisibisi nyembamba, nakizungusha kile kirekebishi kidogo kwa unywele mmoja mmoja, na kijikunjo kinajifuta mbele ya macho yangu. Hiyo ndiyo raha ya kazi hii. Malipo siyaiti raha.

Tangu zamani tumekuwa tukijitafutia njia. Jenereta ya kwanza ya kila fundi ninayemfahamu ni kidole. Unagusa pini ya katikati ya waya wa kuingizia sauti, spika inaunguruma. Ni umeme wa nyumba, hezi 50, ambao mwili wako umeudaka kutoka kwenye nyaya za ukutani bila hata kuziona. Haihitaji betri, haiazimwi, na huwezi kuisahau nyumbani. Ikiunguruma, njia iko wazi. Ikinyamaza, sogea hatua moja mbele, gusa tena. (Pini ya sauti tu, vijana. Mkigusa za umeme shauri yenu.) Kwa kidole vimefufuka vyombo vingi kuliko kwa mashine yoyote yenye kioo cha rangi. Tatizo lake ni kwamba kinajua wimbo mmoja, tena mchafu, na nguvu yake inategemea kama umevaa kandambili au uko peku. Huwezi kumwandikia mchungaji risiti ya kwamba amplifaya ya kanisa imepimwa kwa kiwango cha kandambili.

Sasa turudi kwenye usafi. Amplifaya iliyotengenezwa vizuri inaongeza uchafu wa asilimia 0.01, na ziko zilizo safi kupita hapo. Jenereta nyingi za mezani, zile za megahezi, hata za makampuni yenye heshima zake, zinaahidi wimbi laini lenye uchafu wa asilimia 0.1 au 0.2. Piga hesabu mwenyewe. Kipimo ni kichafu mara 10 au 20 kuliko kinachopimwa. Ni sawa na kukagua weupe wa maziwa ndani ya kikombe ambacho hakijaoshwa chai. Utakachokuwa unakagua ni kikombe. Nakiri kwamba kwa sabufa inayokoroma haidhuru, kwa sababu jicho linalotazama osiloskopu halioni uchafu ulio chini ya asilimia 1 hivi, na ndiyo maana vijana wengi wanazinunua na kuridhika. Lakini mimi sitaki kuridhika. Nataka kujua.

Na uchafu huo haukuletwa na shetani. Jenereta za kidijitali zinachora wimbi kwa ngazi, namba baada ya namba kutoka kwenye jedwali. Chipu ya AD9833, ambayo imejaa kwenye vibodi vya bei rahisi, ina ngazi 1,024 kutoka chini hadi juu. Ukilitaka wimbi la volti nzima, sawa. Ukilitaka dogo la kujaribia maikrofoni, kwenye jenereta inayolipunguza kwa kuzitupa ngazi, unabaki na za kuhesabu kwa vidole. Kisha kuna yale mafurushi ya kujiunganishia mwenyewe, yenye chipu ya XR2206. Hiyo inatengeneza wimbi la pembetatu, halafu inalisugua kona mpaka lifanane na laini. Karatasi yake yenyewe inakubali uchafu wa asilimia 2.5 usipoirekebisha, na karibu nusu asilimia ukikaa nayo kwa subira. Asilimia 2.5! Huyo si daktari, huyo ni mmoja wa wagonjwa. Apange foleni na wenzake.

Linalonikera zaidi ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ilipatikana kabla baba yangu hajaoa. Huko Stanford, California, kijana William Hewlett alichukua saketi ya Mjerumani Max Wien ya mwaka 1891, akaitia kitaa kidogo cha umeme. Kitaa, hiki cha waya ndani ya kioo. Wimbi likitaka kukua kupita kiasi, waya wa kitaa unapata moto, ukinzani wake unapanda, na wimbi linatiwa adabu; likinywea, kitaa kinapoa na linaachiwa. Wala hakuna namba ndani yake, hakuna ngazi. Mwaka 1939 Hewlett na mwenzake David Packard wakaanzisha kampuni yao, wakiwa wanafanyia kazi kwenye gereji. Chombo chao cha kwanza, 200A, walikiuza dola 54.40, na studio ya Walt Disney ikanunua vinane vya toleo lililofuata, 200B, kwa ajili ya mitambo ya sauti ya filamu ya Fantasia iliyotoka mwaka 1940. Hakikuwa na wimbi la mapigo ya moyo, wala Disney hakuliuliza. Waliokuja baadaye, kwa wazo lilelile na vipande bora zaidi, wameushusha uchafu hadi kwenye sehemu chache kati ya elfu za asilimia moja na hata chini yake. Halafu karne ikageuka, tukaletewa boksi lenye kioo cha rangi lililorudi nyuma kwenye jambo lile moja ninalolitaka.

Fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, kijana mwenye roho nzuri, aliniazima la kwake nilijaribu kabla sijatoa hela. Plagi ya pini mbili, hakuna ethi. Nikaegemeza kiganja kwenye chuma cha tundu lake la kutolea wimbi na kuhisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Mita kati ya chuma kile na ethi ya ukutani ikasoma volti mia moja na ushei. Haliui mtu, mkondo wenyewe ni kiduchu, unavuja kupitia kapasita ndogo zilizowekwa humo kuzuia kelele za umeme. Lakini ukilichomeka kwenye mikisa, muungurumo unaingia kila mahali, na chipu laini ya mlangoni inaweza kwenda na maji. Nikampigia mwenye mali.

"Aa, hiyo kawaida yake, mzee," akasema. "Vaa viatu."

Halafu kuna habari ya omu 50, ambayo ningependa siku moja kukaa na aliyeibuni tukazungumza kiutu uzima. Kioo kinasema volti 1. Osiloskopu yangu kwenye mlango wa amplifaya inasema 2. Hakuna aliyekosea: boksi limelelewa katika dunia ya redio, ambako kila kinachounganishwa nalo kina ukinzani wa omu 50 sawa na wake, kwa hiyo nusu ya volti hubaki ndani na nusu hutoka. Limezoea kutoa mara mbili ili ifike moja. Mlango wa amplifaya una omu elfu kumi, elfu arobaini na saba. Hauachi nusu yoyote nyuma, unapokea zote. Dawa ni kuingia kwenye menyu, ya ndani kabisa, na kuliambia kwamba huku tulipo si redio. Linakubali. Ukilizima, linasahau. Na hizo volti zenyewe linazihesabu kutoka bondeni hadi kileleni, ambapo volti 1 ya mita yangu kwake ni 2.83. Kwa hiyo kabla hata sijanywa chai natakiwa nizidishe, nigawe, nivae viatu.

Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni anachezea simu. "Mjomba," akasema bila kuinua kichwa, "si utumie simu tu?"

Hakuna kinachochosha duniani kuliko kijana aliye sahihi. Simu inachora sauti kwa ngazi 65,536 badala ya 1,024, mara 48,000 kwa sekunde, kwa sababu kazi iliyoumbiwa ni muziki na si megahezi. Kile kiadapta cha Apple cha kuchomekea hedifoni, kinachouzwa Marekani kwa dola 9, wapenzi wa sauti wamekipima wakakikuta kisafi kuliko jenereta za mezani za bei kubwa mno kupita yake. Nilichopata Kariakoo nacho kimeandikwa Apple, kwa wino unaotoka na jasho, kwa hiyo sisemi kitu juu yake. Lakini hata tundu la hedifoni la simu yangu ya zamani lilitoa wimbi safi kuliko lile boksi. Ukihitaji milivolti chache za kuudanganya mlango wa maikrofoni, chukua rezista mbili, ya omu 10,000 na ya omu 10, unagawa volti kwa elfu moja na kelele inagawanyika pamoja nayo. Ukiogopa amplifaya mbovu isirudishe umeme wake kwenye simu, weka kapasita katikati. Na uitumie kwa betri yake. Ukiichomeka kwenye chaji, muungurumo unarudi.

Ila simu ina tabia zake. Programu ya bure inakupa hezi 1,000 kwa muda wa kuwasha kiberiti, kisha inakutangazia mkopo wa haraka. Amplifaya ya kwaya ya wati 300, spika mbili za inchi 15, niko na sikio kwenye kitambaa nikitafuta kelele ndogo ndogo, zikatangaza kwa mtaa mzima kwamba kuna ujumbe mpya kwenye kikundi cha kamati ya harusi. Hao wanachangisha hadi usiku wa manane. Ukiiweka simu kwenye hali ya ndege, mkopo na harusi vyote vinanyamaza, lakini mama watoto naye akipiga hanipati, na kosa hilo lina faini yake.

Na kuna jambo moja ambalo mpwa wangu, pamoja na usahihi wake wote, halijui, kwa sababu hajawahi kukamata spika iliyolegea. Ukitaka kujua ni kitu gani kinachogonga ndani ya boksi la spika, huwezi kutumia sauti moja. Unaanzia hezi 30, unapanda taratibu, taratibu, sauti inanyanyuka bila kuruka hata pumzi moja, halafu pale penye hezi sabini na kitu, ghafla, skrubu ya nyuma inaanza kulia. Unarudi kidogo, inanyamaza. Unapanda kidogo, inalia. Umeikamata. Kazi hiyo inataka kitu cha kuzungusha, kipana, chenye uzito mkononi. Kwenye kioo cha simu kidole changu kikiondoka hezi 80 kinatua hezi 400, na skrubu inabaki salama na siri yake.

Ndiyo maana nikageukia mtumba. Zamani Wajapani, akina Leader na Trio, walitengeneza jenereta za sauti za chuma kitupu: kiduara kikubwa cha kuzungusha mbele, vifungo viwili vitatu, na ndani saketi ya yuleyule mzee Wien. Zilinunuliwa na vyuo na karakana za redio, na sasa zinaibuka moja moja chini ya rundo la vichapishi vibovu na feni zisizo na panga. Niliiona ya aina hiyo kwa muuzaji wa vitu vya mnada, imekaliwa na paka. Plagi ya pini tatu, ethi ipo. Tukaiwasha, nikaiunganisha na mita na spika ndogo niliyokwenda nayo, kwa sababu mtumba huununui kwa imani. Hezi 1,000, imetulia tuli. Nikabadilisha masafa, na wimbi likayumba: likapanda, likashuka, likapanda kidogo tena, mwisho likatulia.

Kila jenereta ya namna hii huyumba hivyo. Ni kile kipande cha ndani kinachofanya kazi ya kitaa cha Hewlett. Kinahitaji muda wa kupata moto au kupoa mpaka kikubaliane na hali mpya. Ningeshangaa isipoyumba.

Muuzaji aliitazama mita, akaitazama mashine, uso ukamshuka. "Mzee, naona ina ugonjwa kidogo," akasema. "Sikufichi. Nitakupunguzia."

Mimi ni mtu mwenye adabu. Huwa simkatizi mtu anapozungumza bei.

Kwa hiyo jenereta ninayo, na paka amepewa boksi jingine. Kilichobaki ni mzigo. Amplifaya haipimwi kwa nguvu zake zote kwa spika, hasa mtaa wenye majirani: hezi 1,000 za wati 100 kwa dakika tano ni sababu tosha ya kuitwa kwa mjumbe. Unatakiwa uifunge rezista nene ya omu 8, ile inayokula wati zote kimya kimya na kuzigeuza kuwa joto. Nimezunguka maduka yote ninayoyajua. Wanazo za robo wati, nyembamba kuliko punje ya mchele, ambazo ningezifunga ningewahi kuona moshi kabla sijaondoa mkono. Kijana mmoja akaniuliza kama ya megahezi itanifaa.

Yule fundi mwenzangu wa "vaa viatu" ndiye aliyenipa wazo la pasi. Waya wa pasi si ni rezista? Nikachukua kalamu. Pasi ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 230 ina ukinzani wa omu 53 hivi. Ili zishuke hadi karibu na omu 8 nahitaji pasi saba, zimeungwa sambamba, na amplifaya ya wati 100 itazigawia wati 14 kila moja, joto lisilotosha hata kunyoosha kola. Sisi hapa tuna pasi moja. Mama watoto alikuwa barazani anapepeta mchele wakati nafanya hesabu hizo kwa sauti, na jibu lake lilifika kabla sijamaliza kugawanya.